Kivuli Kilipojibu: Kisa cha Mwanafunzi na Meneja wa Ushirika wa Wavuvi, Lamu

Usiku mmoja wa kaskazi, isha imeshasaliwa, kijana wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu alikuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba moja mtaa wa Langoni, Lamu, kikombe cha kahawa chungu mkononi. Alikuwa na siku tano tu mjini. Nahodha mmoja, mtu wa umri wa babu yake, akamgeukia.

"Mwanangu, wewe ndiwe unayeandamana na Bi Meneja. Kesho bei ni ileile?"

"Ndiyo, Mzee. Ileile."

Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Kufikia alasiri ya siku ya pili jibu lile lilikuwa limeugharimu ushirika shilingi 16,480, na kufikia usiku lilikuwa limemfundisha uongozi kuliko yote aliyoyaona tangu afike. Mimi ndiye niliyempeleka Lamu. Naratibu mpango wa ulezi wa uongozi chuoni kwake, na kisa hiki nakichambua kwa ruhusa ya meneja, ya kijana mwenyewe na ya kamati ya ushirika. Majina nimeyaacha.

Tulimtuma kufanya nini

Katika mpango wetu mwanafunzi humfuata kiongozi mmoja kazini kama kivuli chake kwa wiki mbili, tangu ofisi ifunguliwe hadi ifungwe. Si mafunzo ya nyanjani ya kawaida, ambako angepewa kazi yake na mtu wa kumpima. Huingia mikutanoni, husikiliza simu akiruhusiwa, hukaa pembeni mazungumzo mazito yakifanyika, na jioni huandika. Karatasi ya maelekezo tunayompa ni ndefu, lakini kiini chake ni hiki: tazama, sikiliza, usiingilie. Karatasi hiyo niliiandika mimi.

Kijana ni mzaliwa wa Malindi, anasomea biashara. Aliomba benki. Nilimshawishi aende kwenye ushirika wa wavuvi kwa sababu ambayo hadi leo naiamini. Katika ushirika, meneja huajiriwa na kamati, kamati huchaguliwa na wanachama, na mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya mwisho. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kwa hiyo meneja anaongoza watu ambao ndio waajiri wake. Asubuhi anawapimia samaki, na mkutano ujao watu walewale wanaweza kuichagua kamati itakayomwachisha kazi. Nilitaka kijana aone uongozi wa namna hiyo, ambao vitabu vyetu vya darasani huupitia haraka.

Meneja mwenyewe ni mwanamke, mwenyeji wa Lamu, aliyeanza kazi akiwa karani wa mizani. Hilo lina uzito katika kisa, na nitalirudia.

Siku tano za kwanza zilipita shwari, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Nimelisoma daftari la kijana ukurasa kwa ukurasa. Meneja alifika, akasaini, akapiga simu Mombasa, akazungumza na afisa wa uvuvi, akasuluhisha ugomvi wa makasha. Kila kitendo kimeandikwa kwa mwandiko safi, na hamna swali hata moja. Kijana alimbebea meneja mkoba. Watu wa gatini wakaanza kumwita "kijana wa Bi Meneja", naye jina likamkaa vizuri.

Barafu, tajiri na ubao

Asiyeijua biashara ya samaki huona mashua na nyavu. Anayeijua huuliza barafu iko wapi. Katika joto la pwani kanuni ya kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na safari ikiwa ndefu unaongeza. Samaki wa kisiwa cha Lamu huvushwa kwa boti hadi Mokowe, kisha hushika barabara ya Witu na Garsen kwenda Malindi na Mombasa. Barafu ikikosekana safari hiyo haipo, na samaki lazima auzwe siku ileile kwa atakayemtaka, na kwa bei ya huyo anayemtaka.

Upande wa pili yuko tajiri. Kwa wavuvi wa pwani yetu neno hili halimaanishi mwenye mali tu. Ni yule anayemkopesha nahodha nyavu, injini au pesa za petroli, naye nahodha hulipa kwa kumpelekea samaki kwa bei ambayo mpangaji wake ni tajiri. Bei hiyo huwa ya chini. Lakini tajiri hupokea samaki kila siku, na mtoto akiugua usiku wa manane mlango wake hugongwa na hufunguliwa. Ushirika hauna uwezo wa kumshinda kwa mikopo. Unamshinda kwa jambo moja: bei iliyoandikwa ubaoni mashua ikiondoka ndiyo itakayolipwa mashua ikirudi.

Ubao wenyewe ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, kimetundikwa ukutani juu ya mizani. Siku zile ulikuwa na tarakimu 280 kwa chaki, bei ya kilo ya changu na wenzake wa daraja la kwanza. Sifuri ilikuwa imefutika upande mmoja kwa mabega ya wapimaji.

Lazima pia ieleweke kwa nini neno la ofisini linasikilizwa Lamu kwa masikio makali. Mradi wa bandari ulizinduliwa mwaka 2012, bahari ikachimbwa, na wavuvi wakalalamika kwamba mavuvi yao yanaharibika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600, kisha miaka ikapita wakingoja. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021 wao bado wanangoja. Kabla ya hapo, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, amri ya kutotoka nje usiku iliwanyima wengi wao kazi. Watu hawa wamezoea kuambiwa jambo na mtu wa ofisi kisha jambo likawa jingine. Ndiyo maana tarakimu ile ya chaki ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Siku kompresa ilipokufa

Alhamisi, saa tisa alasiri, mashine ya barafu ilinyamaza. Fundi aliinamia, akaweka sikio, akagonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi, akasema kompresa imekwenda. Spea ingetoka Mombasa, siku tatu au nne. Barafu iliyobaki ilitosha mzigo wa siku moja.

Meneja alipiga simu mbili. Mnunuzi wa Mombasa alisema bila barafu hatumi gari. Mnunuzi wa pili, wa hapo hapo, alikubali kuchukua mzigo wote kila siku kwa bei ya chini, ambayo ingemlazimu meneja kuwalipa wavuvi 240 badala ya 280 ili ushirika usile hasara. Hakukubali papo hapo. Alitaka kuzungumza na mwenyekiti, naye mwenyekiti alikuwa Faza, kisiwa cha Pate, kwenye msiba. Akafunga ofisi akisema, "Bei tutaitazama asubuhi."

Kijana alikuwepo. Nimeuona ukurasa wake wa siku ile, na mstari wa mwisho unasema: "Bei: asubuhi."

Alijua, kwa hiyo, kwamba bei haijaamuliwa, na usiku akamjibu nahodha kwamba ni ileile. Nilipomwuliza sababu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba ubao ulikuwa bado unasema 280, na kwamba mzee alimwuliza kwa heshima, mbele ya watu, kama anavyoulizwa mtu anayejua. "Sikuweza kumwambia mzee yule sijui, Mwalimu." Naamini ni kweli. Kijana wa kwetu amelelewa kumjibu mkubwa anapoulizwa. Kunyamaza ni ujeuri, na kusema hujui mbele ya baraza nzima ni aibu. Karatasi yangu ya "usiingilie" haikuwa na la kumsaidia hapo, maana hakuingilia chochote. Aliulizwa.

Pale barazani, tena, meneja mwenyewe hafiki. Yeye ni mwanamke wa Lamu, haketi baraza ya wanaume baada ya isha. Habari za nahodha humfikia kupitia karani wa mizani, kupitia ndugu yake, na kupitia mama karanga, wanawake wanaokuja alfajiri kununua samaki wa kwenda kukaanga na kuuza. Siku zote ofisi yake ilikuwa na ukimya mahali pale. Sasa kwa mara ya kwanza mtu wake aliketi hapo, na wazee wakafanya alichofanya kila mtu mwenye akili: wakamwuliza. Mimi nilipowakutanisha, mwanafunzi wa kiume na kiongozi wa kike katika mji huu, nilifikiria malazi, nauli na adabu. Sikufikiria kwamba kivuli kitafika mahali mwenye kivuli hafiki.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, meneja alikuwa ameshazungumza na mwenyekiti kwa simu. Alikuja na chaki mkononi kuandika 240. Karani akamwambia mashua tano zimeshatoka, na zimetoka kwa 280.

"Nani kawaambia?"

Karani hakujibu. Alimtazama kijana.

"Ulisema?"

"Nilisema, Mama."

"Kwa wangapi?"

"Mmoja."

Alfajiri, msikitini na njiani kwenda gatini, huyo mmoja alikuwa amewaambia wenziwe, nao wakawaambia wengine. Meneja alisimama mbele ya ubao. Hakuandika, hakufuta. Aliirudisha chaki kwenye kikopo chake na kuingia ndani kupiga simu.

Alichokifanya

Njia zilikuwa tatu. Angeweza kuandika 240 na kusema kijana alikosea, naye ni mgeni, wangemsamehe. Angeweza kulipa 280 kimya kimya na kuyaacha yapite. Alichagua kulipa 280 waziwazi, kwa mzigo wa siku ile tu, na kusema kwa nini.

Mashua zilianza kurudi baada ya sala ya Ijumaa. Meneja alisimama mwenyewe kwenye mizani, kazi ambayo hakuifanya kwa miaka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: mashine imekufa, barafu hakuna, samaki watauzwa hapa hapa mpaka spea ifike. Waliotoka leo wametoka kwa 280 na watalipwa 280. "Neno limetoka ofisini kwangu." Kuanzia kesho ni 240.

Hakumtaja kijana. Kila aliyekuwepo alijua.

Kisha akamkalisha kijana mezani, akampa kitabu cha stakabadhi, aandike yeye. Mashua tano, kilo 412 za daraja la kwanza, kila kilo imezidi kwa shilingi 40. Kijana aliandika kila risiti kwa mkono wake na kuiona tofauti ikikua. Nahodha wa barazani alikuwa wa nne kwenye foleni. Alipokea yake, akaisoma, akaikunja mara mbili na kuifunga kwenye pindo la kikoi chake. "Ahsante, mwanangu," akasema, akaenda zake. Kijana aliniambia kwamba angependa kukaripiwa kuliko kupewa ahsante ile.

Jioni walibaki wawili ofisini, mlango wazi. Meneja alimwuliza, "Ulipomjibu mzee, wewe ulikuwa nani?"

"Mwanafunzi, Mama."

"Na yeye alimwuliza mwanafunzi?"

Hapo kijana alielewa. Nahodha alikuwa ameiuliza ofisi, na ofisi ikajibu kwa mdomo wa mtu asiye na habari. Ndilo jambo ambalo, kwa maoni yangu, mpango wetu ulikuwa unalikosa tangu uanzishwe. Tulidhani mwanafunzi anayemfuata kiongozi ni jicho tu. Mahali watu wanapojuana kwa uso na ukoo, anayetembea na mkubwa hubeba neno la mkubwa, apende asipende, na hulibeba zaidi pale mkubwa asipokuwepo.

Ningekuwa mimi, ningemkataza kwenda barazani tena. Meneja alimrudisha usiku uleule. Safari hii alimtuma: bei ya kesho ni 240, sababu ni barafu, spea iko njiani, na kama bei itarudi 280 mashine ikipona, hilo halijaamuliwa. Alimfanya ayarudie mara mbili, hasa hilo la mwisho. Kijana alikwenda, akasalimu, akaketi, akasema alichotumwa. Nahodha akamwuliza, "Na barafu ikirudi, bei itarudi?"

"Sijui, Mzee. Halijaamuliwa. Nitakuletea jibu."

Ubishi wa kamati

Jumatatu kamati ilikutana. Mweka hazina alikuja na hesabu yake na hakuwa na uso wa mchezo. Pesa zile ni za wanachama wote, wakiwemo wale ambao hawakutoka siku ile. Kwa nini mwanachama wa Kizingitini alipie kauli ya mgeni? "Mjumbe hauawi, nakubali," alisema. "Lakini mjumbe hutumwa. Huyu nani alimtuma?"

Meneja akajibu kwamba alimtuma yeye, tangu siku ya kwanza alipotembea naye gatini bila kumwambia mtu yeyote kijana amekuja kufanya nini.

Jibu hilo ni la kiungwana, ila nadhani halitoshi, na nilimwambia hivyo. Mtu akiyatazama yale masaa kwa utulivu ataona kwamba mashua hutoka kabla ya jua, na bei ingeamuliwa baada ya jua. Kati ya hapo ubao ulikuwa bado unasema 280. Hata kijana angelala mapema bila kunywa kahawa ya mtu, baadhi ya nahodha wangetoka kwa tarakimu ile ile ya chaki, na meneja angekuwa na deni lile lile au karibu yake. Kijana aliusomea mji ubao kwa sauti. Ufa ulikuwepo kabla yake: siku ya dharura, ofisi iliahirisha uamuzi bila kuwaambia wanaouhitaji kwamba umeahirishwa. Meneja alinisikiliza, akafikiri, akakubali. Siku hizi bei ikiwa na shaka anaufuta ubao jioni na kuuacha mtupu, na karani hupita gatini kusema kwamba bei itatoka asubuhi.

Kuhusu pesa, nilijitolea kulipa sehemu, kwa kuwa maandalizi mabovu yalikuwa yangu. Mwenyekiti alikataa. Alisema ushirika hauwezi kupokea pesa za mgeni kwa bei ambayo umeiahidi wenyewe. Mweka hazina alitaka neno "kosa" liingie kwenye kumbukumbu za mkutano, na likaingia. Naona alikuwa na haki. Kulipa kwa sababu ya heshima ya neno ni vizuri, na kuandika kwamba fedha za watu zimetoka pasipo idhini ni vizuri vilevile. Meneja hakupinga. Yeye ndiye aliyemwomba kijana asimame mbele ya kamati na kusoma ripoti aliyoiandika mwenyewe, pamoja na tarakimu ya mwisho.

Kamati ilikubali kupokea mwanafunzi mwingine mwakani, kwa sharti kwamba atambulishwe kwa wanachama siku ya kwanza, na waambiwe wazi kwamba hana bei, hana ahadi na hana jibu isipokuwa ametumwa. Nami nimeiandika upya karatasi yangu. "Usiingilie" nimeiondoa. Mahali pake tunafanya zoezi kabla ya safari: wanafunzi wawili wanakaa, mmoja anacheza mzee wa heshima na kuuliza swali, mwenziwe anajifunza kusema hajui bila kumvunjia mzee heshima na bila kujivunjia yeye. Ni gumu kuliko linavyosikika. Wengi hujibu hovyo mara tatu au nne kabla ya kuweza.

Daftari la wiki ya pili ni kitabu kingine. Mwandiko umeharibika, kuna mishale, kuna maswali pembeni. "Kwa nini hakumwita mnunuzi wa Mombasa tena?" "Kwa nini barafu ya mwisho amewapa waliotoka mbali na si wenye samaki wengi?" Kila jioni meneja alimjibu mawili, si zaidi, na moja alimtaka alijibu mwenyewe kabla ya kumwambia lake.

Spea ilifika Jumanne, na fundi alimaliza Jumatano usiku. Alhamisi kamati ndogo ilikaa kuhusu bei: mnunuzi wa Mombasa alikuwa tayari kutuma gari, lakini naye alikuwa ameshapunguza kidogo. Ijumaa kijana alikuwa aondoke kwa boti ya asubuhi kwenda Mokowe kushika basi la Malindi. Aliomba aondoke kwa boti ya baadaye. Alikwenda kumtafuta nahodha, akamkuta ameketi kivulini akishona wavu wa jarife, akamsalimu na kumwambia jibu alilomwahidi. Lilikuwa 270.